Kibao cha Bi Zuwena

"Lahaula! Bei gani hiyo, babu, au ndani mna dhahabu?"

Intisar aliyasema hayo kwa Kiswahili, akijisemea peke yake, mkononi ameshika kibao cha kompyuta kisichozidi karata moja ya kuchezea. Alikuwa na hakika kwamba katika umati ule wa Jumamosi, uliojazana kwenye maegesho ya magari mjini Dallas kupekua masanduku ya nyaya na kompyuta mbovu, hapakuwa na wa kumwelewa. Akakosea.

"Dhahabu haimo, bibie," sauti ikamjibu nyuma yake. "Ila muuzaji naye ana mke, lazima ale."

Akageuka. Kijana mrefu, fulana ya kazi yenye mistari ya kung'aa, chepeo kimegeuzwa nyuma, mikono ina grisi mpaka viwikoni, na meno meupe, yamepangika. Haya, niseme kweli: meno yale ndiyo yaliyomponza mtoto wa watu. Intisar mwenyewe siku hiyo alikuwa amevaa abaya ya kijivu na mtandio wa rangi ya bizari, na raba nyeupe zilizokwisha kuchafuka vumbi.

"Unanisikiliza tangu lini?"

"Tangu uliposema huyu mzee ana roho ya fisi."

"Astaghfirullah! Nilisema kwa sauti?"

"Kwa sauti ya kuadhini."

Alikuwa akiitwa Sufyan, dereva wa lori la mizigo, Houston kwenda Dallas na kurudi. Asubuhi ile alikuwa ameshusha meza za mnada. Alikitazama kile kibao, akakunja uso.

"Na hiki kinafanya nini?"

"Hiki ni kompyuta nzima."

"Hiki? Hata panya hakimtoshi kwa kitanda!"

Alitoa pesa kabla Intisar hajafungua mkoba, akampa muuzaji. "Chukua. Ukishindwa kukitumia, nirudishie. Na wewe uje nacho."

"Una maneno wewe!"

"Nina na namba ya simu pia. Andika."

Mapenzi yao yalilelewa na simu. Intisar alikaa Lewisville, kazi yake Plano, katika ofisi ya programu za kompyuta yenye vioo juu mpaka chini na baridi ya mochwari. Hana mama, hana baba, na shangazi aliyemlea yuko Tanga. Jioni alirudi kwenye fleti yake, akapika wali wa mtu mmoja, akala amesimama. Sasa simu ikawa inalia kabla sufuria halijachemka.

"Umefika wapi, habibi?"

"Nimepita Corsicana. Nimebeba mafriji, lakini moyo umebaki Lewisville."

"Mwongo we! Moyo ungebaki ungeendeshaje?"

"Naendesha kwa dua zako."

Akicheka Intisar, anacheka mpaka anakaa chini. Hakuwahi kucheka hivyo tangu aingie nchi ile. Ilipotokea kwamba wote wawili asili yao ni Pemba, tena Wete, Sufyan alipiga kelele ndani ya lori kama aliyefunga goli. "Wallahi hii ni kudura! Lazima mama akuone."

Hapo ndipo alipomweleza habari za mama yake. Bi Zuwena alikuwa ameshikwa na maradhi ya mishipa ya fahamu. Yalianza miguuni, yakapanda mikononi, mwisho yakala ulimi. Akili yake timamu, anasikia kila kitu, lakini alichobakiwa nacho ni macho na kidole kimoja cha shahada. Akifumba macho ni ndiyo. Akiyapeleka pembeni ni hapana. Hospitali walimpa mashine ya kusemea, inajua Kiingereza na Kihispania tu, na mama, alisema Sufyan, hajui kusoma; imewekwa kabatini.

Intisar akaenda Houston na basi. Fleti ilinukia udi. Mlango ulifunguliwa na Bibiche, mama wa Kikongo aliyeajiriwa kumtunza mgonjwa, kitambaa cha kitenge kichwani na sura isiyotaka mchezo. Bi Zuwena alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, amevalishwa kanga mpya kwa ajili ya mgeni. Intisar alipiga magoti, akaubusu ule mkono usio na nguvu.

"Shikamoo mama. Mimi Intisar. Kwetu hasa Wete, ila nimekulia Tanga kwa shangazi. Mama yangu alikuwa Raya binti Mselem. Alifariki nikiwa mchanga, hata arobaini sijatoka."

Bi Zuwena akakodoa macho. Kifua kikampanda na kushuka, kooni ukamtoka mkoromo wa kutisha, na machozi yakamiminika mpaka kwenye kanga.

"Umeona?" Sufyan alidakia, naye karibu alie. "Analia kwa furaha! Mama, umempenda?"

Macho yakafumba. Ndiyo.

"Umempenda sana?"

Yakafumba tena, na tena, na tena, machozi yakipenya kati ya kope.

"Basi yamekwisha! Kimya cha mzee ni radhi. Bibiche, lete halua!"

Hakuuliza zaidi. Na kwa nini aulize? Daktari alikwisha kumwambia kwamba maradhi yale humliza mtu hata pasipo sababu. Tangu siku hiyo kila ilipotajwa harusi mbele ya Bi Zuwena, alilia na kuyapeleka macho ukutani, na kila mara Sufyan alikuwa na tafsiri yake: mama analilia vigelegele ambavyo hataweza kuvipiga. Posa ikapelekwa Tanga kwa simu, shangazi akaridhia, ndoa ikapangwa kabla ya Ramadhani.

Bibiche peke yake ndiye hakuridhika. Siku Intisar alipokuwa akivaa viatu kuondoka, alimshika mkono pale mlangoni.

"Dada, mimi niko naoshaka huyu mama kila siku. Machozi ya furaha najua. Hii haiko ya furaha. Na kidole yake, uliangalia kidole yake? Iko nafanya kitu kwa shuka. Inatoka huku, inaenda huku." Akaonyesha hewani, kutoka kuume kwenda kushoto.

Intisar alirudi ndani na kiatu kimoja. Akauweka mgongo wa mkono wake chini ya kile kidole, akafumba macho. Kidole kikatambaa polepole. Alif. Lam.

"Sufyan! Kwa nini uliniambia mama hajui kusoma?"

"Hakusoma skuli, Intisar. Alikwenda chuoni tu, kusoma Kurani."

"Chuoni walifundishwa kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu! Mama yako anajua kuandika, yakhe! Ni sisi tusiojua kumsoma!"

Kidole kilichoka kabla ya neno kwisha, kikalala. Lakini Intisar alikwisha kujua la kufanya. Angekitengeneza kile kibao cha mnadani kikae kwenye kiti cha Bi Zuwena. Herufi za chuoni zipite kwenye kioo moja moja, yeye abonyeze kitufe kwa kile kidole anapoitaka moja, na kibao kiliseme neno lake. Sauti aliirekodi yeye mwenyewe, silabi kwa silabi, ba, be, bi, bo, bu, amejifungia ndani ya kabati la nguo ili mwangwi usiingie.

"Mie sijawahi kupewa radhi na mama," alimwambia Sufyan. "Siku ya ndoa nataka huyu anipe kwa maneno. Nisikie kwa masikio yangu. Sitaki kingine."

Hilo ndilo alilolitaka duniani, na ndilo lililomuangamiza.

Maana kile kibao kilikuwa kizee. Programu ukiipika ndani yake mwenyewe, kinapata moto, kinazimika. Ukiipikia kwenye kompyuta kubwa ya Intisar, hakiwezi kuila, kwa kuwa chipu zao hazizungumzi lugha moja. Dawa yake ni kompaila ya kuvukia: jiko linalokaa kwenye kompyuta kubwa lakini linapika kwa ajili ya mdomo wa ile ndogo.

"Si mapishi hayo yanauzwa tayari?" Sufyan aliuliza kwenye simu.

"Yapo ya bure, tele. Lakini yanadhani kibao changu ni kipya kuliko kilivyo. Yanakipa amri zisizokuwemo kichwani mwake, kinakufa papo hapo. Inabidi jiko nilijenge mwenyewe, tofali kwa tofali."

"Haya jenga, fundi wangu. Lakini nikumbuke na mimi."

Akajenga. Mtu hajui taabu mpaka ajenge kompaila. Inatakiwa kompaila nusu, isiyojiweza, ambayo itaijenga maktaba ya kazi zote ndogondogo, halafu maktaba ndiyo iijenge kompaila kamili. Kuku na yai, na Intisar katikati. Kila Jumamosi na Jumapili kompyuta ilinguruma mezani kama kinu, mistari ikashuka kwenye kioo, na mwisho wa yote, programu ilipopelekwa kwenye kibao, jibu lilikuwa lile lile: amri haramu. Kimya. Akarudia. Amri haramu. Akabadilisha hiki, akaondoa kile, akalia, akanawa uso, akarudia.

"Nunua kikubwa basi, tumalize!" Sufyan alisema siku moja. Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Vikubwa vinamaliza betri kabla ya adhuhuri. Mama atasema asubuhi, mchana awe bubu tena? Na hiki ulinipa wewe."

"Nimekupa kwa mzaha, Intisar! Nimekuja Dallas mara ngapi hukutoka kuniona? Mama ameshakubali. Amekubali kwa macho yake, mbele yetu. Mashine ya nini?"

"Ya kunipa radhi."

"Kwani radhi ya macho haitoshi? Au unatafuta sababu? Niambie, unaolewa na mimi au na kibao?"

"Usinitukane, Sufyan."

"Basi kitupe! Kitupe leo, twende tukaoane."

"Sikitupi."

Simu ikakatika. Na haikulia tena, si siku ile wala wiki ile. Intisar alikwenda kazini na macho mekundu, akarudi, akapika, akamwaga. Alikishika kibao mara nyingi juu ya pipa la taka. Laiti angekiachia! Natamani ningekuwepo nimgonge mkono.

Jumapili moja mchana, hana hata hamu ya kula, aliona kosa lake. Lo! Lilikuwa mbele ya macho muda wote. Kompaila yake ilikuwa sahihi, lakini maktaba ilikuwa ile ya jaribio la kwanza, iliyojengwa kwa chipu mpya, imejificha kwenye folda ya zamani, na kila programu mpya ilikwenda kujiunga nayo ikafa. Akafuta kila kitu. Akaanza upya kutoka chini kabisa. Kesho yake aliporudi kutoka kazini kompyuta ilikuwa imemaliza kujenga, na kibao, kikiwa kimelala kwenye kiganja chake, kikasema kwa sauti yake mwenyewe: "Ma-ma."

Alimpigia Sufyan. Hakusalimu. Alikiweka kibao kwenye simu, kikasema tena.

Kisha akamsikia analia, mwanamume mzima, kwenye kituo cha mafuta cha Huntsville.

"Nisamehe, habibty. Nilikuwa mjinga."

"Mjinga wangu."

"Njoo. Njoo nacho kesho kutwa."

Siku ile Bi Zuwena aliogeshwa mapema. Bibiche alimfungia kibao kwenye meza ya kiti, kitufe chini ya kidole, halafu akaingia jikoni kukaanga sambusa. Sufyan alikuwa kwa fundi anapimwa kanzu ya ndoa. Intisar alipiga magoti karibu na kiti.

"Bismillahi, mama. Sema lolote."

Herufi zikapita. Kidole kikangoja, kikabonyeza. Kikangoja. Ikachukua muda mrefu, harufu ya mafuta ikajaa nyumba nzima. Kisha kibao kikasema, kwa sauti ya Intisar:

"Mwa-na-ngu."

"Naam mama! Naam!" Akaubusu mkono, akaulowesha machozi.

"Ra-ya a-li-ku-fa."

"Najua, mama. Ulimjua mama yangu? Hebu niambie!"

Kidole hakikupumzika. Sasa kilikuwa kinabonyeza kwa pupa, kama mtu anayekimbizwa.

"Ni-li-ku-nyo-nye-sha mi-mi."

Shangazi siku zote alimwambia Intisar amekulia maziwa ya kopo. Lakini shangazi alikuja kumchukua Wete akiwa anatambaa. Ya nyuma ya hapo aliyajulia wapi? Ziwa la mama huyu lilimfanya dada wa Sufyan, na ndugu hawaoani. Kisha akakumbuka kuwa sheria ina kiwango chake, tone moja au mawili hayamfanyi mtu ndugu, akalikamata hilo kama mtu anayezama.

"Mara moja tu, mama? Siku moja, nilipokuwa nalia? Haikufika mara tano, sivyo? Mama, haikufika!"

"Mpa-ka u-ka-o-ta me-no."

Haya. Sasa nani wa kulaumiwa? Mama wa watu alimwona yatima analia, akampa ziwa alilokuwa akimpa mwanawe. Miaka imepita, yatima yule anakuja kwake na jina la mamaye, kama mchumba wa mwanawe, na yeye hana ulimi. Analia, wanamletea halua. Umempenda? Vipi asimpende? Lakini kama yu radhi waoane, hakuna aliyemuuliza.

Waya wa betri ulikuwa karibu na mkono wa Intisar. Aliutazama. Kuuvuta tu, kuukata, kusema kibao kimekufa tena. Bibiche jikoni hajui sheria ya ziwa. Sufyan hajui lililosemwa. Wangeoana, wangezaa. Asiyejua hana dhambi, na juzi tu hakujua! Angekitupa kibao alipoambiwa, leo angekuwa mke wa mtu, hana hatia mbele ya Mungu wala mbele ya watu. Wahenga wanasema msiba wa kujitakia hauna kilio. Waongo wakubwa.

Bi Zuwena hakuutazama waya. Alimtazama yeye.

"Ni-sa-me-he."

Simu ikalia.

"Habibty! Hebu washa kamera unione. Fundi anasema nimekuwa sultani. Nyeupe au ya maziwa? Sema haraka, watu wanangoja."

"Rudi nyumbani, Sufyan."

"Mama ana nini?"

"Mama anasema."

"Anasema? Wallahi? Amesema nini?"

"Rudi tu."

Aliingia mbio, amevaa kanzu ile ile, pini zimechomekwa kwenye mikono ya kanzu na pindo halijashonwa. Uso unang'aa. Alipiga magoti upande wa pili wa kiti. "Haya mama. Nimefika. Tupe radhi yako."

Kibao kikachukua muda. Intisar aliyatazama meno yale, akijua ni mara ya mwisho.

"Hu-yu da-da-ko wa zi-wa."

Kwanza alicheka. Alimtazama Intisar aone kama ni utani. Kisha kicheko kikamkauka.

"Hii ni sauti yako."

"Sauti ni yangu. Maneno si yangu."

"Umeyatia wewe! Mashine umeitengeneza wewe, maneno umeyatia wewe! Tulipogombana ukaona bora ujitoe. Kama hunitaki si useme, Intisar? Mpaka umtumie mama yangu?" Akainuka, mkono umekwenda kwenye kibao, na Bibiche aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko akapiga ukelele.

"Wacha mama aseme!"

Kidole kikaanza kubonyeza. Wote wakangoja. Hata Sufyan akangoja, anahema.

"U-ki-mu-o-ne-a wi-vu. U-li-m-ng'a-ta ki-si-gi-no. Da-mu."

Sufyan akashuka taratibu mpaka akakaa sakafuni, na pini zikamchoma asizijali. Hadithi ile aliijua. Alihadithiwa utotoni, mara nyingi, kwa kicheko: alivyokuwa na choyo, alivyomng'ata kisigino mtoto wa jirani ili amwachie ziwa.

"Mtoto aliyepelekwa Tanga," alisema kwa sauti ndogo. "Mama, mbona hukuwahi kunitajia jina lake?"

Kidole kilikuwa kimechoka.

Bibiche hakuelewa yote, lakini alielewa ya kutosha. Alikwenda kuzima jiko, akabaki huko. Sufyan alilia ameegemeza paji la uso kwenye gurudumu la kiti. Intisar hakulia. Alitamani kulia na machozi hayakuja. Alikuwa akimtazama yule mama, mama pekee aliye hai aliyewahi kumlaza kifuani. Alimtafuta maisha yake yote, na sasa amempata, na bei yake ni hii.

Akanyanyua mikono, akachomoa pini ya mtandio, kisha ya pili. Akauvua. Nywele zikamwangukia mabegani, nyeusi, ndefu, ambazo Sufyan hakuwahi kuziona hata ncha, kwa kuwa hakuwa mume wala ndugu.

Sufyan alipoinua kichwa na kuziona, alijiziba uso kwa viganja vyote viwili, akageukia ukutani.

"Jifunike, Intisar," alisema. "Nakuomba. Jifunike."

"Nijifunike kwa nani, kaka?" akamjibu.

Akaukunja mtandio, akauweka kwenye magoti ya mama yao.